Je, Logi Hizi Mbili ni Sawa?

Katika masomo ya hesabu hakuna jambo liletalo ubishi mwingi kama majawabu mawili ya logi yasiyofanana kwa sura. Mmoja amepata 1 + log 5, jirani yake amepata 2 − log 2, na kila mmoja ashikilia lake. Mara nyingi ubishi huo humalizwa vibaya: yule asifiwaye kwa hesabu hutoa neno lake, na mwenziwe huchukua kifutio. Muhula huu nilimwona mwenzetu mmoja akifuta ukurasa mzima wa kazi iliyo sahihi, kwa sababu tu jawabu lake halikufanana na lile lililochapwa mwishoni mwa kitabu. Katika mtihani jawabu sahihi lililofutwa halina alama hata moja.

Kwa hiyo nimeona vema kueleza katika gazeti letu namna ya kupima kama mitajo miwili ya logi ni sawa au si sawa. Mtajo ni fungu la namba, herufi na alama za hesabu lisilo na alama ya sawasawa, kama vile 1 + log 5. Ingawa somo hili twafundishwa kwa Kiingereza, nimejaribu kuliandika kwa Kiswahili, ili hata wazazi wetu wapate kujua watoto wao wanahangaika na nini usiku wakati wa kujisomea.

LOGI NI NINI

Tuchukue namba 10. Tukiizidisha 10 kwa 10 twapata 100. Hapo 10 imetumika mara mbili, basi twasema logi ya 100 ni 2, nasi twaandika log 100 = 2. Ikitumika mara tatu twapata 1,000, basi log 1,000 = 3. Ikitumika mara moja ni 10 yenyewe, basi log 10 = 1. Na log 1 = 0. Tukirudi nyuma kwa kugawanya, log 0.1 = −1, na log 0.01 = −2. Kwa ufupi, logi ni kile kipeo ambacho 10 yapasa kupewa ili itoe namba tunayoitaka.

Namba zilizo kati ya 1 na 10 nazo zina logi zake, ila hizo ni za desimali, nasi huzisoma katika majedwali. Zifuatazo nitazitumia sana: log 2 = 0.3010, log 3 = 0.4771, log 5 = 0.6990.

Aliyechapa kitabu cha kwanza cha logi ni John Napier, mtu wa Scotland, mwaka 1614. Mwaka uliofuata Henry Briggs, aliyekuwa akifundisha hesabu London, alifunga safari mpaka Edinburgh kumwona, na wawili hao wakakubaliana kwamba logi zitakuwa rahisi zaidi zikijengwa juu ya namba 10. Mwaka 1617 Briggs akachapa logi za namba 1 mpaka 1,000, na mwaka 1624 akachapa kitabu kikubwa chenye logi za desimali 14. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa mkono! Nia yao ilikuwa kumpunguzia mtu taabu, kwa maana logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kugawanya kuwa kutoa.

Si vigumu kuona sababu yake. 100 mara 1,000 ni 100,000. Logi zake ni 2, 3 na 5, na 2 jumlisha 3 ni 5. Kutokana na hayo twapata kanuni tatu, ambazo kila mwanafunzi azijua kwa moyo:

log (a × b) = log a + log b
log (a ÷ b) = log a − log b
log (aⁿ) = n × log a

Kanuni hizo zina sharti moja, nalo ni kwamba a na b ziwe kubwa kuliko sifuri. Sharti hili wengi hulisoma upesi na kulisahau. Nitalirudia mbele.

MAANA YA KUWA SAWA

Tiketi ya basi ikiandikwa 7:00, na mama akisema kwamba basi huondoka saa moja asubuhi, hakuna aliyekosea. Sura ni mbili, wakati ni mmoja. Nasi twajua kwamba ni sawa si kwa kuwa yamepatana asubuhi ya leo tu, bali kwa kuwa tofauti ni saa sita kila siku, mchana na usiku.

Mitajo ya logi ni vivyo hivyo. Twasema miwili ni sawa ikiwa hutoa thamani moja kwa kila namba inayoruhusiwa kuwekwa ndani yake, wala si kwa namba moja tuliyoichagua sisi. Basi nitaeleza njia tatu za kupima, na kila moja ina kazi yake.

KWANZA: JARIBU KWA NAMBA

Mathalan, kuna wanaodhani kwamba log (a + b) ni sawa na log a + log b. Tutie a = 2 na b = 3. Upande wa kwanza ni log 5, yaani 0.6990. Upande wa pili ni 0.3010 + 0.4771, yaani 0.7781. Hazikupatana, na ubishi umekwisha hapo hapo. Jaribio moja likishindwa latosha kabisa kuonyesha kwamba mitajo si sawa, hata kama ingepatana mara elfu mahali pengine.

Lakini jaribio moja likifaulu halitoshi kuonyesha kwamba ni sawa. Tutie a = 2 na b = 2 katika mitajo ile ile. Upande wa kwanza ni log 4, yaani 0.6021. Upande wa pili ni 0.3010 + 0.3010, yaani 0.6020, na hiyo tofauti ndogo ya mwisho yatokana na jedwali, kama nitakavyoeleza. Kwa kweli pande hizo zimelingana kabisa, kwa sababu 2 + 2 na 2 × 2 zote ni 4. Mwanafunzi aliyejaribu 2 na 2 peke yake ataondoka na uongo akidhani ni kweli. Watu wawili wakikutana sokoni siku moja, hatusemi kwamba wanaishi nyumba moja.

Basi tukijaribu kwa namba, tuchague namba zisizo na urafiki. Yafaa kuepuka 1, kwa kuwa log 1 ni 0, na sifuri huficha makosa mengi. Yafaa kuepuka namba mbili zinazofanana. Nami napendelea 2 na 3, au 3 na 5. Vile vile tujaribu zaidi ya mara moja.

PILI: TUMIA KANUNI

Jaribio la namba ni la kuvunja. Kanuni ni za kujenga. Tukitaka kuthibitisha kwamba mitajo ni sawa, hatuna budi kuigeuza yote miwili mpaka ifikie sura moja. Turudi kwenye 1 + log 5 na 2 − log 2.

Namba 1 ni log 10. Basi 1 + log 5 ni log 10 + log 5, yaani log 50.
Namba 2 ni log 100. Basi 2 − log 2 ni log 100 − log 2, yaani log 50.

Yote miwili ni log 50, hata bila kufungua jedwali. Na tukifungua jedwali, 1 + 0.6990 ni 1.6990, na 2 − 0.3010 ni 1.6990. Wale wawili waliokuwa wakibishana wote wamepata.

Kuna njia nyingine ya mkato, nayo ni kutoa mtajo mmoja katika mwingine. Ikiwa ni sawa, lazima jawabu liwe 0, yaani log 1. Tuchukue log 12 na 2 log 2 + log 3. Mtajo wa pili ni log 4 + log 3. Tukiutoa katika wa kwanza twapata log 12 − log 4 − log 3, yaani log (12 ÷ 4 ÷ 3), yaani log 1, yaani 0. Basi ni sawa.

Hapa yanipasa kutaja kosa moja ambalo limeenea. Wengi huona log 9 ÷ log 4 wakaandika log 9 − log 4. Kanuni ya pili haisemi hivyo. Inasema juu ya logi ya namba iliyogawanywa, wala haisemi juu ya logi iliyogawanywa kwa logi. Tupime: log 9 − log 4 ni 0.9542 − 0.6021, yaani 0.3521. Lakini 0.9542 ÷ 0.6021 ni karibu 1.585. Ziko mbali kabisa.

Hiyo log 9 ÷ log 4 ina maana yake yenyewe. Ni logi ya 9 ikiwa msingi ni 4 badala ya 10, nayo huandikwa log₄ 9. Sasa angalia: log 9 ni 2 log 3, na log 4 ni 2 log 2. Zile mbili zikiondoka juu na chini hubaki log 3 ÷ log 2, ambayo ni log₂ 3. Basi log₄ 9 na log₂ 3 ni kitu kimoja, ingawa hakuna namba hata moja inayofanana kati yake.

TATU: ULIZA NI NAMBA ZIPI ZINARUHUSIWA

Hapa ndipo hata wanafunzi hodari hujikwaa. Je, log x² ni sawa na 2 log x? Kanuni ya tatu yaonekana kusema ndiyo. Tukijaribu 3 zapatana, tukijaribu 5 zapatana, na namba yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri haitaziachanisha. Lakini tutie x = −10. Mtajo wa kwanza ni log 100, yaani 2. Mtajo wa pili ni 2 log (−10), na hiyo haipo. 10 ikipewa kipeo chochote, kiwe chanya au hasi, hutoa namba kubwa kuliko sifuri. Kipeo −1 hutoa 0.1, kipeo −2 hutoa 0.01, na hivyo huendelea kupungua, lakini haifiki sifuri wala haivuki kwenda upande wa namba hasi. Kwa hiyo namba hasi haina logi katika hesabu tunazosoma.

Basi jawabu la haki ni hili: log x² na 2 log x ni sawa ikiwa x ni kubwa kuliko sifuri, ikiwa x ni hasi, wa kwanza una thamani na wa pili hauna.

Wala msidhani kwamba hili ni jambo dogo la kuwasumbua watoto wa shule. Katika miaka ya 1712 na 1713 mabingwa wawili wa hesabu, Leibniz wa Ujerumani na Johann Bernoulli wa Uswisi, waliandikiana barua wakibishana juu ya logi za namba hasi. Bernoulli alishikilia kwamba logi ya −x ni sawa na logi ya x. Leibniz alikataa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa katika mjadala huo ni kwamba −x ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa x², sawasawa na x, na kwa hiyo 2 log (−x) ni sawa na 2 log x. Mwaweza kuona wenyewe kwamba hoja hiyo yatumia kanuni ya tatu bila kuuliza sharti lake. Ubishi ulitatuliwa na Leonhard Euler, naye pia Mswisi, katika makala iliyochapwa Berlin mwaka 1751. Alionyesha kwamba namba hasi zina logi, lakini hazimo miongoni mwa namba tunazopima nazo urefu na uzito. Ni namba za aina nyingine, zisomwazo katika madarasa ya juu.

Kwetu sisi sharti hilo lina faida ya moja kwa moja. Tuchukue swali la namna hii: log x + log (x − 3) = 1. Tukiunganisha twapata log x(x − 3) = log 10, basi x² − 3x − 10 = 0, na majawabu ni x = 5 au x = −2. Kwa nini mwalimu hutuambia tuikatae −2? Si kwa desturi tu. Tukiitia −2 katika swali la asili twakuta log (−2) na log (−5), ambazo hazipo. Lakini katika log x(x − 3) haina kosa, kwa kuwa −2 mara −5 ni 10. Maana yake ni kwamba tulipounganisha logi mbili kuwa moja tulifungua mlango mkubwa kuliko ule wa kwanza, na mgeni akaingia. Ndiyo sababu yatupasa kurudi mwanzo na kupima. Tukiitia 5 twapata log 5 + log 2, yaani 0.6990 + 0.3010, yaani 1. Huyo ndiye mwenyeji.

JEDWALI NALO LAWEZA KUDANGANYA

Wengine huona tofauti ndogo katika tarakimu ya mwisho wakadhani kwamba wamekosa. Jedwali lasema log 8 = 0.9031, lakini 3 log 2 ni 3 × 0.3010, yaani 0.9030. Je, kanuni ya tatu imevunjika? Hasha! Logi ya 2 haiishii kwenye 0.3010, yaendelea 0.30103 na zaidi, ila jedwali letu limekata baada ya desimali nne. Mabaki yaliyokatwa yakizidishwa kwa 3 huonekana mwishoni. Tofauti ya moja au mbili katika tarakimu ya nne isimtishe mtu.

Lakini tusiende kupita kiasi tukasema kwamba kila kinachopatana katika jedwali ni sawa. Logi ya 9,999 katika jedwali la desimali nne husomeka 4.0000, sawasawa na logi ya 10,000, na kila mtu ajua kwamba mwenye shilingi 9,999 bado apungukiwa na moja. Kwa hiyo jedwali ni shahidi tu, na kanuni ndizo hakimu.

Jambo jingine ni kistari. Mwanafunzi akitafuta log 0.02 katika jedwali huandika 2̄.3010, yaani 2 yenye kistari juu yake. Akienda likizo akaitafuta kwa simu ya kaka yake, simu humwambia −1.6990. Je, simu imekosa? Haikukosa. Kistari kile chasema kwamba 2 peke yake ndiyo hasi, na zile desimali ni chanya. Basi ni −2 + 0.3010, nayo ni −1.6990. Ni ile ile saa moja na 7:00.

Hata katika kemia mambo haya yapo. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH, kipimo kilichobuniwa na Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909. Kitabu kimoja chaweza kuandika kwamba pH ni −log H, na kingine kwamba ni log (1 ÷ H), ambapo H ni kiasi cha ioni za haidrojeni kwa kipimo cha moli katika lita. Mwanafunzi asiyejua kupima atakariri kanuni mbili. Anayejua ataona kwamba log (1 ÷ H) ni log 1 − log H, na log 1 ni 0, basi hubaki −log H. Amekariri moja tu.

NENO LA MWISHO KWA WENZANGU

Basi tukikuta majawabu mawili, tuulize maswali matatu kwa utaratibu huu. Je, kuna namba inayoyatenganisha? Je, kanuni zaweza kuyafikisha kwenye sura moja? Je, kila upande waruhusu namba zile zile? Maswali yote matatu hayachukui dakika tano, tena kalamu na jedwali vyatosha.

Nawasihi hasa wenzangu wa vidato vya chini. Jawabu la kitabu ni jawabu moja kati ya sura nyingi za jawabu lile lile. Likitofautiana na lako, usilifute lako kabla ya kulipima, wala usilishikilie kwa ukaidi kabla ya kulipima. Na yule mwenye sifa ya hesabu darasani, akiulizwa, asiseme tu ndiyo au siyo. Aonyeshe njia, ili mwenziwe siku nyingine apime mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Uzuri wa hesabu ni kwamba ndani yake mdogo aweza kumshinda mkubwa bila kugombana, maadamu anayo njia ya kuonyesha kwamba lake ni kweli.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne